Kiti cha Mtu wa Kilo Sabini

Saa nane kasoro za usiku, tarehe 29 Julai 2021, kengele ya chumba cha mwisho ililia. Nilikuwa zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee jijini Cork, kusini mwa Ireland, na kengele ya saa hizo kwa kawaida ni maji, ni choo au ni maumivu. Nilipoingia nikamkuta mzee amekaa wima kitandani, miwani usoni, shuka kalitupa pembeni, runinga inaonyesha maji matupu. Hakuna kilichomuuma. Alitaka mtu wa kutazama naye.

Kamera ikashuka, nikaona boti sita zimepangwa mstari mmoja, nyembamba kama maganda ya ukwaju. Kila boti watu wawili, kila mtu kashika makasia mawili. Ilikuwa fainali ya Olimpiki ya Tokyo, wanaume wawiliwawili wa uzito mwepesi. "Wale ni wa kwetu huku," mzee akaniambia, akinyoosha kidole kinachotetemeka. "Wanatoka Skibbereen." Kisha akanishika mkono, na hakuuachia mpaka boti zilipofika.

Wajerumani, Jonathan Rommelmann na Jason Osborne, walitangulia. Walikaa mbele kwa sehemu kubwa ya safari, na mimi nilidhani kazi imekwisha. Mzee hakudhani hivyo. Kila mtangazaji alipopaza sauti, yeye alitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza hadithi anayoijua. Paul O'Donovan na Fintan McCarthy, wale wa Skibbereen, walikuwa wakivuta bila papara, migongo inakunjuka pamoja, makasia yanaingia majini bila kurusha tone. Mwishoni wakawafikia, wakawapita. Dakika 6, sekunde 6.43, na Wajerumani nyuma yao kwa chini ya sekunde moja. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Ireland katika makasia tangu Olimpiki zianze.

Nilipokuwa namfunika tena, mzee akaniuliza nina kilo ngapi. Nikamwambia 66.

"Basi wewe ungeweza kukaa kwenye boti ile," akasema, akazima runinga.

Maneno hayo nimekaa nayo miaka yote hii. Mimi ni mtu wa Pangani, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo nikiwa Pangani.

Sisi tulikaa upande wa mji. Ng'ambo ya mto ni Bweni, na katikati ni maji ya mto yanayogombana na bahari, yanayoweza kukuchukua nusu kilomita ukisinzia. Baba alikuwa na mashua ndogo ya kuvushia watu na magunia. Ilikuwa na makasia mawili na vishwara vya kamba ya usumba, ambavyo ilibidi uviloweshe kabla ya kuanza, maana vikikauka vinasagika. Kaka yangu na mimi tulikaa mmoja mbele ya mwenzake, kila mtu na kasia lake. Mgongo wa kaka niliujua kuliko uso wake. Bega lake la kushoto lilikuwa likishuka kidogo anapochoka, hata kabla mwenyewe hajajua kwamba amechoka, na mimi nikiliona tu nilikuwa naongeza nguvu upande wangu ili mashua isipinde. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo.

Idi moja, nikiwa na miaka 17, yalifanyika mashindano ya mashua za makasia. Kikosi cha mtaani kilitaka vijana sita. Kaka alichukuliwa asubuhi ileile. Mimi nikaambiwa mwili hautoshi. Sikupewa hata kasia nijaribiwe. Mtu alinitazama kutoka juu hadi chini, basi, ikawa imekwisha. Nilisimama pwani nimeshika viatu vya kaka mpaka mashua ziliporudi.

Kwa hiyo mzee wa Cork aliponiambia kwamba kuna boti duniani, tena ya Olimpiki, ambayo sharti lake ni usiwe mkubwa, nilitaka kuijua yote.

Sharti lenyewe lilikuwa hili. Wanaume wawili wa uzito mwepesi walipaswa kuwa na wastani wa kilo 70, na hakuna kati yao aliyeruhusiwa kuzidi 72.5. Kwa wanawake wastani ulikuwa 57, na asizidi mtu 59. Mzani ulipandwa siku ya mashindano yenyewe, kati ya saa moja na saa mbili kabla ya mbio. Mwenzako akiwa na 71, wewe ulikuwa huna budi kuwa na 69. Miili yenu miwili ilihesabiwa kama mzigo mmoja. Shirikisho la makasia la kimataifa lilianzisha mbio hizi za wepesi kwenye mashindano ya dunia ya wanaume mwaka 1974, na mwaka 1996 zikaingia Olimpiki, Atlanta. Hoja ilikuwa kwamba mchezo umekuwa mali ya majitu ya urefu wa karibu mita mbili, na mataifa ambayo watu wao wana miili ya kawaida hayana sababu ya kununua boti.

Ukitaka kujua kwa nini ukubwa una maana kiasi hicho, tazama kiti.

Mwaka uliofuata Tokyo nilipanda basi kutoka Cork hadi Skibbereen, safari ya kama saa mbili hivi. Ni mji mdogo wa watu wasiofika elfu tano, duka, kanisa, baa, na mto Ilen unaopita taratibu kwenye nyasi ndefu. Kandokando ya mto huo kuna makaburi ya Abbeystrewry, walikozikwa kwa maelfu watu waliokufa katika njaa kuu ya miaka ya 1840, bila jeneza, katika shimo moja. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Watu wa eneo hili walikonda mpaka wakafa, na vitukuu vya waliobaki wamekuja kushinda dunia kwa miili myepesi. Sijui kama wao wenyewe hulifikiria hilo. Mimi nililifikiria.

Huko mtoni nilimkuta msichana mmoja amegeuza boti ya watu wawili juu ya vikalio, anaifuta. Nikamsalimia, nikamwambia nimetoka kwenye mashua za kuvusha watu, naomba nione. Akanionyesha bila kuona ajabu. Boti ya aina ile ina urefu wa kama mita kumi, na sheria inataka isipungue kilo 27, yaani gunia dogo la mchele linaizidi uzito. Haina usukani, ina pezi dogo tu chini, na mwelekeo unashikwa kwa kuongeza au kupunguza nguvu upande mmoja, kama tulivyofanya mimi na kaka. Kiti ni kibao kilichochongwa kufuata makalio, kimewekewa vigurudumu vinne vidogo, vinakimbia juu ya reli mbili zisizozidi urefu wa mkono. Viatu vimefungiwa ndani ya boti, wewe unaingiza miguu tu. Yule msichana alikuwa anafuta reli kwa kitambaa, na kitambaa kilitoka cheusi. Akaniambia wanazifuta kila siku, maana punje moja ya mchanga inatosha kukifanya kiti kisite.

Aliniruhusu nikisukume kwa kidole. Kilikwenda, kikarudi, bila sauti.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mchezo huu ni wa miguu. Sisi mashuani tulikalia ubao usiosogea, tukavuta kwa mgongo na mikono. Wao wanaanza wamejikunja, magoti kifuani, kisha wanasukuma kwa mapaja kama mtu anayeinuka na gunia kichwani. Kiti kinarudi nyuma, mgongo unafunguka, na mikono inamalizia tu. Kuanzia mwanzo hadi mwisho, mita 2,000, hurudia hivyo zaidi ya mara mia mbili. Mwenye mapaja marefu na mapafu makubwa anasafiri mbali zaidi kwa kila pigo. Mtu mzito huizamisha boti kidogo zaidi, ndiyo, lakini nguvu anayoongeza inalipa gharama hiyo na chenji inabaki.

Kuna kipimo kizuri cha jambo hili. Mwaka 2014, kwenye mashindano ya dunia Amsterdam, ndugu wawili wa Croatia, Martin na Valent Sinković, walishinda mbio za wawili zisizo na kikomo cha uzito kwa dakika 5 na sekunde 59.72. Kwenye maji hayohayo, wiki hiyohiyo, mbio za wepesi walizishinda Waafrika Kusini wawili, James Thompson na John Smith, kwa dakika 6 na sekunde 5.36, wakati bora wa dunia kwa wepesi siku ile. Tofauti haifiki sekunde sita. Lakini ukiipiga hesabu kwa mwendo wa boti ni kama mita 30, boti tatu zimepangwa mkia kwa pua. Mabingwa wa dunia wa wepesi, kwa ubora wao wote, wangekuwa nyuma ya majitu kwa boti tatu. Hapo ndipo anapoishia mtu wa kilo 70 ukimwondolea kundi lake, hata awe hodari vipi.

Na ukiacha mashindano ya dunia, kwa sisi wa Afrika kundi la wepesi lilikuwa mlango. Thompson na Smith walikuwa tayari na dhahabu ya Olimpiki ya London 2012, katika boti ya wanne wepesi, pamoja na Matthew Brittain na Sizwe Ndlovu. Ndlovu ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya makasia kwenye Olimpiki. Nirudie, maana sisi watu wa maziwa na bahari tulipaswa kulijua jina hili kama tunavyojua majina ya wakimbiaji: Sizwe Ndlovu. Angola ilipeleka wawili wepesi Olimpiki ya Rio 2016, Algeria ikapeleka Tokyo. Hawakufika fainali, lakini walikaa kwenye kiti, wakapangwa mstarini pamoja na wengine.

London palepale ndipo kiti kilipomwaga machozi ya watu wengi. Waingereza Zac Purchase na Mark Hunter walikuwa mabingwa kutoka Beijing 2008, na tarehe 4 Agosti 2012 walikuwa nyumbani, kwenye maji ya Eton Dorney yaliyofanyiwa mbio hizo, watu wamejaa kingo zote mbili. Mbio zikaanza. Kabla mita 100 hazijaisha Purchase akainua mkono. Kiti chake kilikuwa kimeharibika chini yake. Sheria inaruhusu mbio zisimamishwe chombo kikivunjika ndani ya mita hizo za mwanzo, na boti zote zikarudishwa, kiti kikatengenezwa, wakaanza upya.

Nimeitazama video ile mara nyingi, na kila mara nawaangalia Wadenmark, Mads Rasmussen na Rasmus Quist. Hawa walikuwa wameshaanza vizuri. Miguu ilikuwa imeshawaka. Sasa wanaambiwa warudi wakakae kimya wasubiri fundi amtengenezee mpinzani kiti. Nafsi ya mtu huweza kuharibika katika kusubiri kwa namna ile. Zao hazikuharibika. Waingereza wakaongoza, wakaongoza tena, mpaka ukiwa umebaki umbali wa kurusha jiwe, na katika mapigo ya mwisho kabisa Wadenmark wakawachukua. Sekunde 0.61. Hunter alitolewa kwenye boti hawezi kusimama, akawa anashikiliwa na Steve Redgrave, mwenye dhahabu tano za mchezo huu, na wote wawili, Hunter na Purchase, wakaanza kuwaomba radhi Waingereza kwa kupata medali ya fedha badala ya dhahabu. Mtangazaji wa BBC aliyekuwa akiwahoji alishindwa kuzuia machozi. Watu walimlaumu baadaye. Mimi simlaumu. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa binadamu waliojimwaga mpaka tone la mwisho, angefanya nini?

Lakini kiti kinachonigusa zaidi hakikuvunjika. Kilibadilisha mtu.

Kabla ya Fintan McCarthy, aliyekaa kwenye boti na Paul O'Donovan alikuwa kaka yake wa damu, Gary. Ndio waliopata fedha Rio, 2016, medali ya kwanza kabisa ya Ireland katika makasia. Nusu ya safari walikuwa nyuma, kisha wakaanza kuwachukua wengine mmojammoja mpaka wakabaki Wafaransa Jérémie Azou na Pierre Houin peke yao mbele, kwa nusu sekunde. Mahojiano yao baada ya hapo, na msemo wao wa kuvuta kama mbwa, yalizunguka dunia nzima, na kwa wiki kadhaa Ireland haikuwa na vijana wengine. Mwaka 2018 wakawa mabingwa wa dunia. Ndugu wawili waliokua mto mmoja, wakafundishwa na watu walewale, boti moja.

Kisha Gary akaumia mkono. Kilabuni palepale kulikuwa na kijana mdogo kwao, Fintan, aliyekuwa akipanda na pacha wake Jake. Fintan akajaribiwa, boti ikaenda kasi zaidi. Mwaka 2019 Paul na Fintan wakashinda dunia, na Gary, mkubwa, akabaki mtu wa akiba.

Mtu ambaye hajawahi kuvuta na ndugu yake ataliona jambo hili dogo. Saa imesema, aliye na kasi akae. Ni haki, na mimi mwenyewe nisingetaka lingine. Mtu aliyenikatalia pwani Pangani hakuniweka kwenye saa, na hilo ndilo lililonikera. Ila fikiria Paul. Kwa miaka yote mwili wake umezoea pumzi ya mtu mmoja, namna bega lake linavyoshuka. Inabidi aisahau, ajifunze ya mwingine, kisha arudi nyumbani kwa yule yule aliyeachwa. Nilimpigia simu kaka yangu kumweleza habari hii, akanyamaza sana. Halafu akasema, "Mimi siku ile ya Idi nilipaswa kukataa." Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka ishirini. Sikujua kwamba na yeye alikuwa anaikumbuka.

Mzee wangu wa Cork alifariki kabla ya Paris. Fainali ya tarehe 2 Agosti 2024 niliitazama ukumbini, asubuhi ya Ijumaa, wazee kumi na wawili wamezungushwa mbele ya runinga na vikombe vya chai. Vaires-sur-Marne, mashariki mwa Paris, maji yametulia. Paul na Fintan walivuta kama walivyovuta Tokyo, bila haraka, na katika robo ya mwisho hapakuwa na mjadala. Dakika 6, sekunde 10.99. Waitalia Stefano Oppo na Gabriel Soares wakaja nyuma zaidi ya sekunde mbili, na Wagiriki wakawafuata Waitalia kwa sekunde 0.11 tu. Paul akawa Mwairishi wa kwanza kupata medali katika Olimpiki tatu, na sehemu ya kazi hiyo aliifanya huku akisomea udaktari Chuo Kikuu cha Cork. Ni jozi mbili tu zilizowahi kutetea dhahabu hii ya wanaume: wao, na Wapoland Tomasz Kucharski na Robert Sycz, Sydney na Athens. Hakutakuwa na jozi ya tatu, kwa sababu siku ileile, baada ya fainali ya wanaume na ya wanawake, uzito mwepesi ulifikia mwisho wake kwenye Olimpiki. Fainali nane, miaka 28, basi.

Sababu nazijua, na sizidharau. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa inataka makundi ya uzito yabaki kwenye michezo ya mapigano na kunyanyua vyuma. Na mzani nao una ubaya wake. Vijana wenye miili ya kilo 76 wamekuwa wakijikausha mpaka 72, wakikimbia na makoti matatu, wakikaa kwenye chumba cha mvuke, wakihesabu hata funda la maji, kisha wana saa moja au mbili za kunywa na kula kabla ya kuua miguu yao. Ninafanya kazi na miili iliyochoka. Najua mwili unaonyimwa maji unavyolipiza. Kama mtu atasema kundi hili liliwaumiza baadhi ya vijana, nitakubali. Lakini dawa ya hilo ingekuwa kubadili namna ya kupima. Walichofanya ni kukivunja kiti chenyewe na kumwambia mtu mdogo arudi pwani akashike viatu.

Badala yake Los Angeles 2028 kutakuwa na makasia ya baharini. Mchezaji anasimama ufukweni, anakimbia mpaka kwenye boti, anaruka ndani, anavuta mita 250 akipinda kwenye maboya, anageuka, anarudi mita 250, anaruka tena mchangani na kukimbia mpaka kwenye kitufe cha kumalizia. Atakuwepo mwanamume peke yake, mwanamke peke yake, na wawili mchanganyiko, mwanamke na mwanamume boti moja. Vijana watauonja mapema zaidi, Dakar, kwenye Olimpiki ya Vijana ya 2026. Hili nalipokea kwa moyo mmoja. Mawimbi hayajali sana urefu wa mapaja. Yanataka mtu anayejua maji yanafikiria nini. Na boti za kule ni pana, hazihitaji mfereji ulionyooka kilomita mbili wala mamilioni ya kuuchimba. Pangani yote ni uwanja. Lakini bado hapatakuwa na mzani, na mwenye kilo 95 anayejua maji atamshinda mwenye kilo 66 anayejua maji. Furaha na uchungu wangu vimekaa ubao mmoja, na sioni sababu ya kumshusha mmoja.

Katika kutafuta habari hizi nilimkuta pia Asiya Mohammed Sururu wa Mombasa. Alikanyagwa na treni akiwa mtoto mdogo, akapoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole vya mkono. Mwaka 2021, Tokyo ileile, maji yaleyale waliyoshindia Paul na Fintan, aliipandia Kenya boti ya mtu mmoja kwenye Paralimpiki, kundi la wanaotumia mabega na mikono pekee. Kiti cha kundi hilo hakina vigurudumu. Kimekazwa hapohapo, kama ubao wetu wa mashua. Nilipoiona picha yake nilirudi tena kuangalia alivyoshika kasia kwa vidole alivyobaki navyo.

Mwezi uliopita nilimpigia kaka nimweleze habari za Los Angeles, za kukimbia mchangani na kuruka botini. Akataka nirudie sehemu ya mwanamke na mwanamume boti moja. Nikarudia. Akaniambia binti yake, mwenye miaka 14, siku hizi ndiye anayevusha watu jioni akitoka shule, na kwamba juzi maji yalipokuwa yanatoka kwa nguvu alikatisha mto kwa mstari ulionyooka mpaka wazee wa Bweni wakasimama kumtazama.

"Ana kilo ngapi?" nikamuuliza.

"Hatujawahi kumpima," kaka akasema.